Nyoka wa Chumba cha Tisa Hawakimbii Hivyo

Benchi letu pale Igoma, jirani na mafundi wa pancha, lina ncha mbili: ncha ya kivuli na ncha ya mtaro. Ncha ya kivuli hukaliwa na bingwa wa gemu la Mzee Kikapu, na bingwa ni Chenge, tunayemwita Jemedari, tangu enzi ambazo kiuno chake kilikuwa bado kinaonekana. Gemu linachezwa bandani kwa Obedi, nyuma ya benchi: kizee kidogo chenye kikapu kichwani kinaruka nyoka, chumba hadi chumba. Miaka yote tumelicheza kwenye kompyuta kuukuu aliyoiacha marehemu baba yake Obedi, ile inayosoma mchezo kutoka kwenye kaseti na kuuonyesha kwenye televisheni ya kichogo. Jana Obedi kaifungia kabatini, kaleta laptop yenye programu inayojifanya ndiyo kompyuta ile. Mwenyewe anaiita emuleta. Jioni hiyohiyo kacheza, kazipita pointi za Jemedari. Leo asubuhi kaja kudai kivuli chake, na mimi nimekaa katikati kama nyama ya sambusa.

— Sogea, mzee, alianza Obedi. Bingwa mpya nimesimama juani.

— Simama mpaka uive, Jemedari akajibu bila kugeuka. Ubingwa gani wa maigizo? Mtu akiilamba picha ya sato, utamkuta na mwiba kooni?

— Gemu ni lilelile. Nyoka walewale.

— Eti walewale! Jemedari akanigeukia mimi, kana kwamba nyoka nimewafuga kwangu. Nyoka wa chumba cha tisa nawajua. Wakitoka wote kwa mpigo wanatambaa kwa adabu, kama wazee wa kanisa wanaokwenda kupokea sadaka. Jana nimejaribu hiyo laptop: wanakimbia kama bodaboda aliyemwona trafiki!

— Ile mashine ilikuwa inalemewa, mzee. Nyoka nane kwa pamoja na ubongo wake mdogo, lazima ichelewe. Huku kuna sehemu ya kuongeza kasi, nimeipunguzia mzigo tu.

— Nani alikutuma? Umeiigiza mashine, ukauacha ugonjwa wake! Ukitaka kuniigiza mimi, anza kuchechemea!

Okomo, muuza kahawa wetu, akasonya. Huyu tunamwita Daktari kwa sababu hajawahi kushindwa kutaja ugonjwa, uwe wa mtu, wa pampu au wa serikali.

— Nyoka wale hawakulemewa, alisema. Wamezeeka. Wameingia kwenye kaseti wakiwa vijana, leo wana umri gani? Magoti hayo.

— Nyoka ana magoti? nikauliza.

— Umewahi kuyaona?

— Hapana.

— Yameshakwisha, ndiyo maana.

Akanimiminia kikombe, halafu hasira yake mwenyewe ikapanda.

— Halafu mnazungumzia kivuli tu, mimi je? Kaseti ilikuwa inalia kwii-kwii-kwaa, mpaka mchezo ufunguke mteja kashamaliza kikombe cha pili. Laptop inafunguka kabla sijapuliza mkaa! Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sasa hiyo laptop ina uvungu?

— Haina, Jemedari akajibu kwa uchungu.

— Basi tumekwisha.

Hapo Alexander, aliyekaa ncha ya mtaro, akasimama na kufunga kifungo cha koti. Huyu ni Wakili. Jina alilipata siku alipoitwa mahakama ya mwanzo kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi, na mbuzi akajirudia mwenyewe.

— Nimwulize mshtakiwa maswali machache.

— Mshtakiwa nani? Obedi akaruka.

— Nyamaza, unajitetea vibaya. Jana ulipofika chumba cha tisa, ulikufa au hukufa?

Obedi akautazama mtaro.

— Nilikufa kidogo.

— Ukafanya nini na kifo chako?

— Emuleta inashika pale ulipofika. Ukifa unabonyeza, inakurudisha palepale.

— Ulibonyeza mara ngapi?

— Kadhaa.

Jemedari alijipiga paja hadi kahawa yangu ikahama kikombe.

— Marehemu! Nanyang'anywa kiti na marehemu! Mimi nikifa chumba cha tisa narudi chumba cha kwanza, natubu dhambi zangu zote njiani. Huyu anakufa kama anayepiga chafya!

— Na banda ni lake, Wakili akaongeza, kwa hiyo ndiye refa, ndiye kocha, ndiye mfungaji. Kisheria, mtu aliyefufuka aanze upya kwa mwenyekiti wa mtaa. Tena penye wengi hapaharibiki neno. Ndiyo maana kompyuta yetu imeharibika, sisi ni wachache.

— Haijaharibika! Jemedari akafoka.

— Imeharibika, mzee! Obedi naye sasa alikuwa kapandisha, mishipa ya shingo imemtoka. Nani anabadilisha fyuzi? Nani anasafisha kichwa cha kaseti kwa spiriti? Nani alikwenda hadi Misungwi kusaka televisheni nyingine ya kichogo, ile ya kwanza ilipotoa moshi? Nyie kazi yenu kuichapa kofi ubavuni na kuagiza kahawa! Utepe wa ile kaseti umebaki kama uzi wa buibui. Siku ukikatika, gemu la baba limekwenda, na hakuna duka la kuuliza. Mimi nimeliokoa, halafu mnanisimanga juani!

Jemedari alikunywa kahawa ambayo haikuwemo kikombeni.

— Kompyuta ipelekwe Bujora basi, Wakili akajaribu kupatanisha. Makumbusho pale. Ikae karibu na ngoma za watemi.

— Mimi bado napumua! Jemedari akalipuka upya. Watoto wa shule wapite wakiambiwa hiki ndicho walichochezea mababu? Unataka na mimi niwekwe kwenye kioo?

— Tulia, Jemedari, Okomo akasema kwa sauti ya wodini. Tatizo ni kubwa kuliko kompyuta. Mtazameni Obedi vizuri. Masikio ya baba yake, sauti ya baba yake, banda la baba yake. Ila kasi imeongezwa. Huyu mwenyewe ni emuleta!

— Kumbe! Wakili akapiga makofi. Basi hawezi kudai kiti, ni nakala!

— Nakala ya nani? Obedi akapiga kelele. Mimi nimebatizwa!

— Nakala nazo hugongwa mhuri, Wakili akamjibu.

Ndipo akatokea Odeta, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, simu na chaja mkononi. Alikuja kuchaji bandani, akatukuta tumeziba mlango kwa ghadhabu.

— Shikamooni.

— Marahaba! tukamjibu sote, kama tunamfukuza.

— Samahani, nimewasikia tangu kule bombani. Huyo mzee mwenye kikapu... anakwenda wapi?

Lori la Musoma lilipita, vumbi likatua.

— Anakwenda mbele, Jemedari akasema hatimaye.

— Mbele wapi, baba?

Wakili akafungua kifungo cha koti. Okomo akachungulia ndani ya birika, kana kwamba jibu liko kwenye masimbi ya kahawa. Obedi, jana alipozipita pointi tu, alizima akaenda kutangaza. Jemedari ndiye tuliyemtegemea. Lakini mashine yetu huganda chumba cha kumi na moja, kizee kikiwa hewani, na sisi miaka yote tumekuwa tukipiga makofi hapo na kwenda kulala.

— Pale inapoganda, alisema Jemedari polepole, si ndiyo kafika?

— Kafika wapi?

Nimemwona Jemedari akidaiwa, akifiwa, na timu yake ikifungwa. Sijawahi kumwona vile. Alisimama. Benchi likatoa mlio wa shukrani.

— Obedi, washa hiyo laptop yako ya uongo. Twende tumfikishe huyu mzee anakokwenda.

Wakaingia wote, Okomo na birika lake, nikabaki mimi benchini. Odeta akatazama kulia na kushoto, akakaa kwenye kivuli, akanyoosha miguu. Sikuwa na mamlaka ya kumwondoa.

Tulisikia vidole vikichapa. Tukasikia chumba cha saba kikishangiliwa, kisha cha nane. Halafu ikapaa sauti ya Jemedari, mtetezi wa kaseti, adui wa marehemu wanaorudi:

— Ah! Kafa! Obedi, nirudishe pale kabla ya nyoka! Bonyeza, bwana, watu hawajaona!