Chupa Iliyokaa Kando ya Birika

Usinikunjie uso. Kama unaona nasema uongo, nenda kakae kwenye benchi la mtu mwingine. Chupa ilikuwa yangu, ya dawa ya kikohozi, na niliichemsha mwenyewe. Sasa wewe ambaye hukuwepo utaniambia nini?

Benchi liko nje ya chumba changu, pale kona, mkabala na ofisi ya wakala anayepeleka watu melini. Nawauzia kahawa wanaosubiri kuitwa. Siku hiyo walikuwa watatu: Kapteni, ambaye melini ni mpishi, Hakimu, ambaye hajashinda kesi hata ya kuku, na Mzito, ambaye maneno humtoka kwa kupimiwa. Walikuwa wanamjadili Grisi, mwenzao wa chumba cha injini. Grisi alipanda meli mwezi wa tatu na cheti cha uzima, mwezi wa nane akarudishwa kwa ndege, figo zote mbili zimekufa. Sasa analazwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki, na kampuni imekataa kumlipa fidia ya ulemavu. Inasema ugonjwa ule ni wa miaka, na mwenyewe aliuficha.

Hakimu alianza na maji ya melini, eti matangi yameoza kwa kutu.

— Kutu kitu gani, akasema Kapteni. Ni yule daktari wa kampuni. Analipwa kwa kila mgonjwa anayemkataa.

— Ulimwona akilipwa?

— Wewe uliiona kutu?

Hapo wakapaa. Hakimu akaleta habari za mionzi inayotoka kwenye injini. Kapteni akaona hiyo ndogo, akasema figo za Grisi hazikufa hata kidogo, zilitolewa bandarini akiwa usingizini, na alizonazo sasa ni za mbuzi. Nikamuuliza huyo mbuzi alipanda meli kwa cheti gani. Mzito akacheka, halafu akaacha, akainamisha kichwa. Maana wote tulijua, na hakuna aliyetaka kutamka.

Mara akaja mke wa Grisi. Akasimama, hakukaa. Nikammiminia kahawa, akakisogeza kikombe kando.

— Shemeji zangu, mume wangu ameshaniambia. Mkojo aliopeleka kupimwa haukuwa wake. Ulikuwa wa nani?



Akatueleza taratibu, kama mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Karani wa wakala ndiye aliyekaa kwenye benchi hili hili, akaiona miguu ya Grisi imevimba, akamwambia alete mkojo wa mwenye afya, tena wa moto, kwa kuwa wa baridi unarudishwa. Wakili wao anasema akipatikana mtu wa kulithibitisha hilo, kampuni haitaweza kudai imedanganywa, kwani karani wa wakala wake ndiye aliyefundisha. Kesi ilikuwa inasikilizwa siku ile ile, saa nane mchana.

Hakimu akakumbuka ana mgonjwa nyumbani. Mzito akainama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Kapteni, ambaye Jumatatu alikuwa apande meli kwa mkono wa karani yule yule, akabaki anachungulia kikombe chake.

— Sikuja kumfunga mtu, akasema mke wa Grisi. Naomba ajitokeze tu.

Sikumhurumia mtu pale, nami nikiwemo. Ni mimi niliyeizungushia chupa kitambaa nikaiweka kando ya birika isipoe. Nilijiona nimemsaidia kijana wa watu kupata kazi.

— Ngoja nichukue mtandio, nikamwambia.

— Bibi, wewe peke yako utatosha?

— Sijui. Karani nilimsikia, na chupa ilikuwa yangu. Zaidi ya hapo sina.

Nikaingia ndani, nikamwagia makaa kahawa iliyobaki. Moshi ulipopungua nikamwona Kapteni mlangoni.

— Bibi. Wakikuuliza mkojo ule ulikuwa wa nani, utanitaja?

Nikamtazama kuanzia kichwani hadi miguuni. Miguu yake haijavimba.

Nikampita, nikatoka, nikafunga mlango.