Kichwa cha Wilfred Akehurst

Sogezeni viti, wanangu, na wewe Roland zima hiyo redio, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki kushindana na mtangazaji wa mpira. Daktari ameniambia nisijichoshe kwa maneno. Nitanyamaza siku nyingi sana baadaye, kwa hiyo leo mniache niseme mpaka mwisho, na mtu asinikatize kwa kunipa chai.

Nianze na vitu, kwa sababu vitu ni vyepesi. Nyumba hii ni yenu wawili, Roland na Judith, na msije mkaiuzia watu wa London wanaonunua nyumba Mtaa wa Mtoni mwezi wa Juni, halafu Novemba, usiku wa Moto, mji mzima wa Marlhurst unapoandamana na mienge, wanashangaa kwamba una moshi. Sweta ya baba yenu, ile ya mistari myekundu na myeusi niliyoifuma mwaka tuliooana, ni ya Roland, ingawa kwa tumbo hilo itabidi aivae mtu mwingine. Chini ya kitanda hiki kuna ngoma. Ndiyo, ni ile ngoma ya watu wa Mtaa wa Kanisani, wapinzani wa chama chetu cha Moto, na ndiyo, tuliiiba sisi, baba yenu na mimi, na miaka yote tumewaapia usoni kwamba hatuijui. Warudishieni. Waambieni Hester Pelling anawasalimu, na kwamba hata walipokuwa nayo hawakuwahi kuipiga vizuri.

Cheka, Judith, cheka tu. Mimi pia nimecheka sana katika maisha yangu, na safari hii nilicheka mahali nisipotakiwa kucheka, na hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Kibanda cha nyuma, pamoja na udongo wangu, brashi zangu na zile kuta zilizojaa pua za watu za udongo, nampa Judith. Wewe ndiwe mwenye mkono. Nilikuona tangu ulipokuwa unachovya vipande vya magazeti kwenye gundi ya unga, unabandika tabaka juu ya tabaka, huna haraka, unasubiri kila tabaka likauke kando ya jiko. Mtengeneza vichwa wa chama chetu ni lazima awe mtu wa kusubiri. Lakini kabla hujashika udongo, sikiliza sheria ambayo mama yangu alinipa nami sikuwapa nyinyi, kwa sababu nilidhani mnaijua kama mnavyojua njia ya kwenda mtoni. Kichwa cha sanamu kinachopandishwa juu ya mkuki na kuchomwa usiku wa Moto ni cha mtu mwenye kiti. Ni cha mkubwa aliyetaka kutufungia barabara, tajiri aliyezungushia uwanja wa watu uzio, bwana wa serikali aliyesema mienge yetu ni ushenzi. Tunawachoma walio juu yetu kwa sababu mwaka mzima wao ndio wanaotuchoma sisi. Hatuchomi jirani. Hatuchomi mtu ambaye taa yake tunaiona tukiwa jikoni kwetu.

Na mwaka huu tulimchoma nani? Roland, usiangalie sakafu. Mimi nilikwisha kuiangalia sana, haina jibu.

Tulimchoma Wilfred Akehurst wa nyumba ya pili ng'ambo ya barabara, mtu aliyekokota pipa la lami linalowaka katika chama hiki hiki tangu kabla wewe hujazaliwa, mpaka mgongo ukamkatalia. Na kosa lake lilikuwa nini? Alikuja kwenye mkutano wa chama, akavua kofia, akasema, "Jamani, sizuii kitu. Moto ni wangu kama ulivyo wenu. Naomba tu zile fataki kubwa mzitoe nyuma ya uzio wangu, mziweke upande wa mtoni. Mke wangu Enid akisikia mlio anaingia chini ya meza, na kumtoa huko ni kazi ya mpaka asubuhi." Basi. Alisema hayo, akakaa.

Nawe Roland, nahodha wa chama, ukasimama na shingo imekutoka mishipa. "Leo fataki, kesho mwenge, keshokutwa tukae nyumbani tuoke mikate! Anayeupunguza Moto ni adui wa Moto!" Watu wakapiga meza. Mtu mmoja kule nyuma akapayuka, "Mzee Wilf, si uhamie kwa watawa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nilikuwa kwenye kiti changu cha mbele nacheka nao.

Kisha ukaja jikoni kwangu. "Mama, mwaka huu tunataka kichwa cha mzee Wilf."

Nikakuuliza, "Wilf huyu wetu?"

"Kajitakia mwenyewe, Mama. Utani tu. Atacheka."

Nikajua pale pale kwamba si sawa. Nisiwadanganye wanangu mlangoni pa kaburi: nilijua. Lakini kulikuwa na jambo jingine, nami naona haya kulitaja kuliko yote. Nilikuwa nimechoka na nyuso za mabwana wa serikali, zote zimejaa mashavu, zote moja. Uso wa Wilfred niliujua. Lile sikio la kushoto ambalo mbwa alimla ncha, ile miwani iliyofungwa plasta, lile jino la mbele linalotangulia akitaka kucheka. Vidole vyangu vilikuwa vimeanza kufa, na nikasema moyoni, ngoja niwaonyeshe kwamba bado nipo. Nikakaa nacho kibandani vuli nzima, na nilipomaliza kupaka rangi ya macho niliruka kwa hofu, maana Wilfred alikuwa ananitazama. Na nilifurahi. Jamani, nilifurahi sana.

Judith, wewe ulikiona. Ukasema, "Mama, hiki kimezidi." Nikakujibu kwamba una wivu. Nisamehe kwa hilo.

Sasa mnajua nyinyi nyote yaliyotokea, mtaa mzima unayajua, lakini hakuna anayeyasema, tunapishana dukani tunazungumza habari za mvua. Mimi nitayasema. Wilfred alimweka Enid chumba cha mbele, akamziba masikio kwa pamba, akafungulia redio sauti ya juu, akavuta pazia. Enid kumbukumbu zimempotea, kwa miaka miwili hamjui mtu. Hata mumewe, aliyemuoa akiwa msichana wa kiwanda cha mkate, Enid alikuwa anamwita "yule bwana", anamshukuru kwa chakula kama anavyomshukuru mhudumu wa hoteli. Maandamano yakaja na ngoma zake, mienge ikaangaza mpaka ndani ya nyumba, naye Enid akafungua pazia. Akaona kichwa kinapita juu ya mkuki. Na akakijua.

Akatoka na ndala. "Wilf! Wilf wangu! Mshusheni, atapata baridi!"

Watu wakadhani ni mchezo. Wakampisha, wakapiga makofi, wapumbavu fulani wakamtupia fataki ndogo za mkononi karibu na miguu yake. Roland, mkuki ulikuwa mkononi mwako, na sauti ile ulikuwa unaijua, maana ndiyo iliyokuwa ikikuita dirishani kukupa maganda ya mkate wa tangawizi ulipokuwa mtoto. Hukugeuka.

Lakini sitakutwika wewe mzigo wangu. Mimi nilikuwa uwanjani, kwenye kiti cha mtengenezaji, na blanketi magotini, nyuma ya kamba. Nilimwona Enid akifika, na nilimwona Wilfred nyuma yake, hana koti, anahema, ananyoosha mikono kumshika naye anamsukuma kwa sababu hamjui. Na hapo ukafika wakati wa kichwa kuwashwa. Roland, ukaniinulia kichwa mbele ya macho, ukauliza kama nahodha anavyouliza kila mwaka, "Mtengenezaji, ndiye?" Maelfu na maelfu ya watu wananisubiri mimi, kikongwe wa Mtaa wa Mtoni. Ningesema "Siye." Neno dogo. Mama yangu aliwahi kulisema mara moja, kichwa kikashushwa, na hakuna aliyekufa kwa kukosa moto.

Nikasema, "Ndiye."

Kikalipuka vizuri sana. Nilikuwa nimekijaza baruti vizuri.

Nipe maji kidogo, Judith. Hapana, usinifute macho, yaache.

Siku chache baadaye nilijikokota mpaka kwenye uzio wao nimwombe radhi, na Wilfred akaja na ndoo ya makaa. Nilitaka anitukane. Laiti angenitukana. Akasema, kwa upole kabisa, "Bi Hester, miaka miwili hakunijua. Wewe ukamtengenezea uso, akaujua. Sasa amevaa nyeusi, anakaa dirishani. Nikimpelekea chai ananiambia, asante bwana, mume wangu wamemchoma. Jana ameniuliza kwa nini nakaa kwenye kiti cha marehemu." Halafu akaniuliza kama miguu yangu imepata nafuu. Niligeuka nikarudi, nikapanda kitanda hiki, na sijashuka tena.

Nimesifiwa kwa mikono hii miaka mingi. Nimepigwa picha nayo. Leo naificha chini ya shuka, daktari akitaka kunipima mapigo naona haya kumpa.

Basi sikilizeni ninayoagiza.

Fataki zihamishwe upande wa mtoni, na si kwa kura. Roland, wewe ni nahodha, hamisha. Atakayelalamika mwambie aje anilalamikie mimi kaburini.

Kalibu ya udongo ya uso wa Wilfred bado ipo kibandani, nyuma ya pipa la gundi. Ivunjeni, mloweke udongo mpaka uwe tope. Kwa tope hilo, Judith, Novemba ijayo utafinyanga kichwa kimoja tu. Changu. Sitaki unipendelee. Hii nundu ya shavuni uiweke, na huu mdomo wangu ulioshuka upande mmoja uushushe hivyo hivyo, watu wanijue tangu mbali. Nipandisheni kwenye mkuki, mbele ya bendera, na sababu isomwe kwa sauti mbele ya mtaa wote: huyu alimchoma jirani yake na alijua. Msipite mlangoni kwa Akehurst, pindeni kwenye daraja; Enid asione uso mwingine ukiungua. Na uwanjani, nahodha atakapouliza kama ndiye, asijibu mtu wa ukoo wetu. Ajibu Wilfred, kama atakubali kuja. Asipotaka kuja, nibaki juu ya mkuki mpaka mvua iniyeyushe, iwe hivyo.

Unasemaje, Roland? Sikusikii. Aibu kwa familia? Mwanangu, aibu ipo tayari, imekaa kwenye dirisha la ng'ambo imevaa nyeusi. Hatuileti sisi, sisi tunaikiri tu. Nawe bado hujavuka hii barabara. Kila siku nasikia viatu vyako vikitoka mlangoni, vinafika ukingoni, vinakata kushoto kwenda baa. Mimi siwezi tena kuvuka. Ningeweza, ningetambaa. Siwezi kufa kwa raha kabla mmoja wa damu yangu hajasimama mbele ya mtu yule na kusema tulikosa, bila kusema ilikuwa utani. Neno utani lisitoke kinywani mwako...

Kwa nini unasimama? Unakwenda wapi? Roland!

Ameondoka. Amekasirika. Nimemtia uchungu mtoto wangu siku ya... Judith, pumzi yangu inakatika, niinue mto. Hivyo. Asante. Wewe, mama, nakuombea mkono mtulivu, na moyo unaoutawala mkono. Utengeneze nyuso za watu wakubwa, na za watu wadogo uzitengeneze kwa ajili ya kuwatundikia ukutani kwao wafurahi. Nakuombea nyumba yenye joto. Nakuombea majirani.

Chungulia dirishani. Viatu... sijavisikia vikikata kushoto.

Amesimama wapi? Mlangoni kwa Wilfred? Na kofia? Ameivua?

Mungu ambariki. Mungu ambariki mwanangu, na tumbo lake, na shingo yake ngumu. Usinifunikie, nataka kusikia. Amebisha?

Bado?

Mwache. Usimwite. Si kazi nyepesi hiyo, mpe muda wake... nitasubiri... niambie tu atakapobisha.