Historia ya Marehemu Mzee August Wendorff na Usharika Wake wa Sayuni

Marehemu baba mkwe wetu, Mzee August Wendorff, alizaliwa tarehe 9 Machi 1849 katika kijiji kimoja cha jimbo la Pomerania, Ujerumani, akasoma shule ya kanisa mpaka kipaimara, akajifunza useremala kwa baba yake, na mwaka 1868 yeye na baba yake wakavuka bahari na jamaa zao, wakafika hapa Iowa, Marekani, penye nyasi tupu, wakasali kwenye ghala la mahindi, wakajiita Usharika wa Sayuni.

Kanisa hili tulimoketi alilijenga yeye na wenzake mwaka 1874, na tarehe 2 Oktoba akafunga humu ndoa na Bi Mathilde, ndoa ya kwanza ya usharika, wakajaliwa watoto watano, wawili wametangulia, na kitinda mimba, Otto, yuko Ufaransa na jeshi letu la Marekani akipigana na Wajerumani, wala hajui kwamba hana baba.

Tangu Mei mwaka huu, gavana alipokataza Kijerumani hadharani kwa sababu ya vita, marehemu alikaa ibadani kimya, kwani Kiingereza chake kilikuwa cha kununulia misumari tu, na hata historia hii tunaisoma kwa lugha ambayo asingeielewa.

Kuhusu ugonjwa, ndugu waombolezaji, hakuna la kusoma, hakuugua. Jumamosi tarehe 6 Julai 1918, alasiri, watu wa mjini walikuja kulipaka kanisa rangi ya njano ili kututangaza wasaliti, sisi tukajifungia ndani, yeye akatoka.

“August, watakuua!” Bi Mathilde akamwita.

“Nani? Hao si wateja wangu?”

Akamkuta mmoja wao, Wilbur Haskins, ambaye kitanda chake cha utotoni kilichongwa na marehemu, juu ya ngazi inayoyumba.

“Toka hapa, kibaraka wa Kaiza wa Wajerumani!”

“Paka tu. Ngazi mbovu. Utaanguka.”

Akaishika kwa mikono miwili. Wilbur aliposhuka alimkuta amepiga magoti, mikono imeing'ang'ania ngazi, moyo umesimama. Mpaka sasa akili zetu zinakataa.

Tunamshukuru daktari aliyekuja mbio akakuta yamekwisha, majirani waliokesha nasi, mafundi wenzake waliochonga jeneza, na Wilbur, aliyembeba mikononi mpaka nyumbani akilia, na ambaye tangu asubuhi amesimama pale langoni, sisi tukibishana aingie au afukuzwe, mpaka Bi Mathilde aliposema, “Mwiteni. Akae hapa kando yangu.”

Wazee, msogezeeni nafasi.

Baba, lala kwa utulivu.