Wageni Wanasemaje Kuhusu Komeo

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya ndoo mbili za rangi zilizojazwa zege, liko katikati ya kibanda cha Soli, fundi viatu, na kibanda cha Wembe, kinyozi, na ng'ambo ya barabara ndipo ilipo ofisi ya kuandikisha vizazi, na hiyo ndiyo sababu siku hiyo nilikuwepo, la sivyo mimi kijiwe hupita mbio kama kinafuka moto. Nilikaa mwisho kabisa wa ubao, nusu ya mwili hewani, mtoto wa miezi miwili mgongoni, fomu yake gotini, na moyo ukinidunda mpaka nikaona mtoto anausikia kwa nyuma. Mume wangu anachomelea mageti, pale kijiweni wanamwita Cheche, na alikuwa amekaa katikati ya wenzake, kikombe cha kahawa mkono mmoja, kalamu ya wino mkono wa pili. Fomu ilishajazwa kila kitu isipokuwa jina. Karani alisema saa sita anafunga, na akishagonga muhuri basi, hakuna kufuta. Na jina alilotaka kuandika mume wangu ni Komeo.

Komeo ni golikipa wa timu yetu ya taifa. Walimpa jina hilo tangu ujana, eti akisimama yeye lango limefungwa, na kwenye mashindano ya mataifa, miezi miwili iliyopita, alifungwa mabao kumi na moja katika mechi tatu, moja akajifunga mwenyewe kwa kuurusha mpira akiwa ameangalia jukwaani. Mtoto wangu alizaliwa wakati wa bao la sita. Mume wangu alipigiwa simu akiwa ameshika kichwa, na furaha ya mtoto na uchungu wa bao vikamwingia kwa mlango mmoja, mpaka leo hajaweza kuvitenganisha.

Kijiwe kizima kilimcheka Komeo, yeye peke yake akamtetea. Akasema sisi wenyeji tuna wivu, tuwasikilize mashabiki wa nje, watu wasio na ndugu wala jirani ndani ya timu. Akaapa mbele ya mashahidi kwamba kipa akisifiwa na wageni, mtoto atachukua jina lake, wakimponda, jina nachagua mimi. Na mimi nikakubali, mjinga mimi, kwa sababu ni nani angemsifu? Na mtoto mwenyewe ni wa kike.

Sasa hiyo ilikuwa siku ya nne wanasoma maoni ya wageni kwenye simu ya Soli, na siku zote nne wageni walikuwa wanamsifu.

Simu yenyewe iliwahi kuangukiwa na nyundo. Nusu ya juu ya kioo ni nyeusi tii, nusu ya chini inawaka vizuri, na sauti ilishakufa siku nyingi. Soli aliandika mambo ya kipa wetu, akabonyeza cha kwanza kilichojitokeza, na tangu hapo hajapafunga, anaogopa kupapoteza. Maoni yanapita kule chini, yakiwa yameshageuzwa na simu kuwa Kiswahili cha kujikwaa.

— Soma, mume wangu akasema.

Soli akafuta kioo kwa kitambaa chake cha kung'arishia viatu, kikawa kichafu zaidi.

— Anasema, nimetazama mara kumi, hakuna kinachompita huyu.

Wembe akakumbusha kwamba vilimpita kumi na moja. Anamnyoa mtu na kubishana kwa wakati mmoja, na aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo alikuwa ameshanyolewa nusu ya kichwa tangu asubuhi, akasahauliwa.

— Hayakumpita, mume wangu akasema. Yalipita pale ambapo yeye hakuwepo. Mgeni ameliona hilo. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katibu akaandika. Huyu Katibu sijawahi kujua ni katibu wa nini, lakini hatembei bila faili, na neno la mume wangu lilikuwa ndani ya faili hilo, na saini mbili. Akaongeza kwamba haba na haba hujaza kibaba, maana yake mabao yale yalikuja moja moja, kwa adabu, hayakuja kwa pamoja kama ya timu zisizo na kipa.

Nilikuwa nawaza siku ya kwanza ya shule, mwalimu anaita majina, anafika kwa mwanangu, darasa zima linageuka. Nilikuwa nawaza sokoni mtu ananiita Mama Komeo, na watu wote wanageuka kuona mlango uko wapi. Na mume wangu mpaka siku hiyo nilikuwa namwita Baba Nani, kwa sababu mtoto hana jina na mtu mzima siwezi kumwita Cheche mbele za watu, na hata hilo la Baba Nani lilishaanza kuniingia vizuri.

— Kijana mzuri, Soli akasoma. Kijana mzuri sana. Huyu mwingine naye, kijana mzuri. Wanne wamesema hivyohivyo.

Wembe akasema Komeo si kijana, ana miaka thelathini na minne na upara anauficha kwa kofia, yeye anajua vichwa. Mume wangu akajibu kwamba huko nje watu huhesabiwa umri kwa moyo. Katibu akasema hapana, ni kwa bima. Wakabishana bima na moyo mpaka saa tano na robo, na mimi naangalia mlango wa ofisi ng'ambo kama mtu anayengoja majibu ya damu.

— Napenda anavyotoa ulimi kabla ya kudaka, Soli akasoma.

Hapo wakatazamana, kwa sababu hakuna aliyewahi kuuona ulimi wa Komeo. Nikasema moyoni, haya, sasa wataona kuna kitu hakiko sawa. Lakini Soli mwenyewe akasema mwenye macho haambiwi tazama, kamera za nje ziko karibu kuliko zetu, zinaona mpaka ulimi. Wembe, ambaye alikuwa upande wangu, ndiye tegemeo langu pekee pale, akaingia mtegoni. Akasema kwa kweli ulimi unaweza kumchanganya mshambuliaji, hata yeye wembe ukiwa shingoni mwa mtu akitoa ulimi mteja hatulii. Nikajua nimebaki peke yangu.

— Natamani kumchukua nyumbani kwangu, Soli akaendelea. Nina uwanja mkubwa nyuma ya nyumba.

Mume wangu akasimama, akakaa, akasimama.

— Mwenye timu huyo, akasema. Ana uwanja wake mwenyewe. Mnasikia? Uwanja, nyuma ya nyumba.

Katibu akasema hiyo kwa lugha ya mkataba inaitwa ofa. Wembe akasema kama atakaa nyumbani kwa tajiri basi na chakula juu ya tajiri. Na kweli, maoni yaliyofuata yalikuwa ya chakula, mtu kaandika, mpeni mfupa, anastahili mfupa. Wakakunja nyuso. Mfupa. Mume wangu alifikiri muda mrefu, mara ya mwisho kumwona anafikiri hivyo alikuwa anapima geti la msikiti, kisha akasema lazima ni tuzo. Kuna kiatu cha dhahabu cha wafungaji, mnakijua, basi makipa wao hupewa mfupa. Kwa nini mfupa? Kwa sababu kipa ndiye anayevunjika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akasema, na wote wakaitikia kwa kichwa, na mimi niliyefundishwa methali hiyo darasani nikaitikia pia, kwa woga tu.

Kuna mwingine akasema wa kwao yeye hajui kudaka, kazi yake kutafuna viatu. Soli akaweka nyundo chini kabisa. Aliuliza mara mbili kama wageni kweli wanatafuna viatu au ni namna ya kusema, akatazama rundo lake la viatu vya watu kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, jicho la mtu aliyegundua soko.

Halafu likaja la masikio. Masikio yake yakipepea, nacheka mpaka machozi. Mimi Komeo nimemwona kwenye bango, ana masikio madogo kama vifungo vya shati. Nikafungua mdomo. Nikasema, lakini masikio yake, na sauti ikaniishia hapohapo.

— Shemeji, hewa ya kule ni nzito, Wembe akanieleza kwa upole. Sikio dogo la huku, kule linapepea.

Ikafika saa tano na nusu. Katibu akafunga faili, akasema ushahidi umetosha, wageni wote wamesema kwa sauti moja, wenyeji tuliobaki ni kina nyani tusioona kundule, na sasa Baba Komeo aandike. Alimwita hivyo, Baba Komeo, na mume wangu akacheka kama aliyevishwa koti jipya. Akainyoosha fomu gotini mwangu. Mkono wake wa kuchomelea una makovu madogo madogo ya cheche, ni mkono mzuri, mtoto akiulalia hunyamaza, na huo mkono ukashusha kalamu kwenye mstari wa jina.

Hapo ndipo akatokea mama mmoja anayechechemea, kiatu kimoja mguuni, cha pili mkononi, kisigino kimeng'oka. Akamwambia Soli ana haraka. Soli akamwambia angoje, kuna jambo la taifa. Mama akauliza jambo gani, mume wangu akaacha kuandika ili amweleze, maana hawezi kuacha mtu apite bila kumweleza, akamweleza yote, wageni, ulimi, mfupa, uwanja nyuma ya nyumba. Mama akaichukua simu, akasoma kidogo, akaangalia ile nusu nyeusi.

— Na huku juu kuna nini?

Nilimwangalia Soli, Soli akamwangalia Wembe, Wembe akaangalia kichwa cha mteja wake.

— Juu ni video, Soli akasema mwisho. Ya kipa. Hatuihitaji, mechi tuliziona.

Mama yule akaigeuza simu juu chini, kama mtu anayegeuza kopo kuona kama limeisha. Picha nayo ikajigeuza. Maoni yakaenda gizani, na ile video ikahamia kwenye ile nusu inayowaka, angavu kabisa.

Alikuwa mbwa. Mbwa wa kahawia, masikio marefu, amesimama katikati ya ndoo mbili kwenye uwanja wa nyumba ya watu, watoto wanapiga mpira, yeye anatoa ulimi, anaruka, anaudaka kwa mdomo. Kila mpira. Kweli hakuna kilichompita.

Kahawa ilimpoa mume wangu mkononi. Waliutazama mpira wa kwanza, wa pili, wa tano, na kwenye wa sita Wembe akasema kwa sauti ya chini kwamba ule wa pembeni Komeo asingeufikia. Mtu aliyenyolewa nusu kichwa akaja naye kuangalia. Nikashusha pumzi ambayo naona niliibana tangu siku ya kuzaa.

Nilishusha mapema. Katibu alikuwa amefungua faili. Akasoma, kwa sauti ya mahakama, kwamba neno la Cheche halimtaji Komeo kama Komeo, linasema mtoto atapewa jina la kipa aliyesifiwa na wageni. Mbwa hafi maji akiona ufuko, akaongeza, sijui kwa maana gani. Ahadi ipo palepale.

— Kwa hiyo huyu mbwa anaitwaje? Katibu akauliza.

Na hapo, Mungu ni shahidi wangu, nilidhani mume wangu atacheka. Hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyeapa mbele za watu. Akamwambia Soli aigeuze tena simu, atafute kwenye maoni, lazima mmoja amemtaja kwa jina. Soli akageuza, maoni yakarudi, video ikapotea, wanasoma upesi upesi vichwa vimegusana, kijana mzuri, kijana mzuri, kumbe ndivyo wageni wanavyowasifia mbwa wao, na saa sita kasoro kumi, na karani ng'ambo ameanza kuvuta pazia.

Mimi ni mwoga, sifichi. Naogopa homa, naogopa ngazi, naogopa mtoto akilala sana na akilala kidogo. Lakini kalamu ilikuwa imelala juu ya fomu, na fomu ilikuwa gotini mwangu. Nikaishika. Herufi ya kwanza ikatoka imepinda kama msumari, zilizofuata zikanyooka. Niliandika jina la mama yangu mzazi.

Wakainua vichwa kwa pamoja. Mume wangu akalisoma, midomo ikitembea. Wembe ndiye aliyepiga hesabu kwanza, akasema basi kuanzia leo Cheche ni baba wa mama mkwe wake, na yule mama wa kiatu akalazimika kukaa chini kwa kicheko.

— Huyu naye alidaka? Katibu akauliza, kalamu yake juu ya faili.

Nikasema alitudaka watoto wake sita, hakuna aliyemponyoka.

Mume wangu aliangalia yale maandishi, akageuka akaangalia mgongoni kwangu, uso wa mtoto uliolala. Kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea kwa heshima, kama huko nje kuna mgeni yeyote anayelijua jina hilo, hata aweze kuliponda.

— Hakuna hata mmoja, nikamwambia, nikampa kalamu aweke saini.