Uzio Alioukata Gerald

Sogeeni, Gerald na wewe Miriam, kaeni niwaone wote wawili, maana pumzi hii ni ya kuazima na mwenyewe yu mlangoni.

Msitu wetu mnaujua. Wazee wangu waliukata kwa zamu, fungu moja kila majira ya baridi, mihazeli, ile miti yetu ya kokwa, ikakatwa hadi kisikini, jua likapenya, na masika ardhi ikafunikwa maua ya manjano na ya buluu. Kisha visiki vikachipua, kivuli kikarudi, maua yakalala kungoja zamu yake. Serikali ilipoulinda kwa sheria ilikuta tumeshaulinda kwa mikono, na uzio tuliuweka sisi, kwa kuwa kulungu hana simile na chipukizi.

Gerald, usitazame dirishani. Uzio uliukata wewe, ili wageni wako wa London wapate wanyama wa kupiga risasi. Nilipokuuliza ukacheka: "Baba nawe! Vijiti tu hivyo, vitaota." Viliota, vikaliwa, vikaota tena, vikaliwa tena, hata visiki vilivyowaona babu wa babu zetu wakizikwa vikaoza. Mchuma janga hula na wa kwao.

Mama yenu Edith alipojua haponi, aliomba jambo moja tu, akayaone maua. Mimi na Miriam tukamsukuma kwenye kiti cha magurudumu, tukakuta mabua yaliyotafunwa na mavi ya kulungu. Akatazama weee, kisha akasema, "Tumewahi mno, Wilfred. Hayajachanua." Nikamjibu, "Kweli, mke wangu, tutarudi." Hakurudi. Nawe ukaja mazishini na shada la dukani, limefungwa nailoni!

Sasa shikeni neno langu. Nyumba mgawane, msigombane. Msitu ni wa Miriam, na mundu wangu ni wake. Miriam, jenga uzio kwanza ndipo ukate, usiwe na pupa. Bunduki yangu nimeshawapa polisi, Gerald, usiitafute. Langoni mwa msitu usipite mpaka dada yako akuite, na akikuita, njoo na nyundo.

Niinueni kidogo... Basi, hapo hapo. Miriam, Mungu akupe mikono isiyochoka na watoto watakaokusikia. Gerald... mwanangu... baraka yako nimeitafuta moyoni tangu asubuhi, sijaiona. Nenda kaburini, kamwombe mama yako. Akikupa yeye... nami... nimekupa.