Dereva Aliyepitia Dumila Miaka Mitatu

Leo, Alhamisi tarehe 30 Juni 2005, Mzee Lupakisyo Mwaisaka anatimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika hospitali yetu ya Kilosa na anakabidhi ufunguo wa gari la wagonjwa. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1974. Jalada lake mimi ndiye ninayelitunza hapa Masjala, na nathibitisha kwamba ndani yake hakuna barua ya onyo hata moja. Kuna barua moja ambayo ingetakiwa iwemo na haimo. Nitaifikia.

Mzee Lupa, kama tunavyomwita wote, alitoka Tukuyu akiwa kijana, akaendesha lori la mashamba ya mkonge kabla ya kuja kwetu. Alianza na Landrova iliyokuwa ikiwaka kwa kusukumwa na wagonjwa wenyewe, wale wenye nguvu. Mwaka 1991 tukapata Landkruza ya msaada, na tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kula karanga ndani yake. Daima aliegesha gari likitazama geti. Chini ya kiti chake kulikuwa na mfuko wenye khanga safi, nyembe mpya na uzi, kwa sababu barabara zetu tunazijua na uchungu wa mama hausubiri lami. Watoto wanne wamezaliwa garini mwake. Munisagara, mahali ambapo gari lilishindwa kufika, aliwahi kubeba machela kwa miguu akifuata reli, yeye mbele na muuguzi nyuma, na mgonjwa akafika hai huku akilalamika kwamba anatikiswa.

Hayo ni mepesi kuyaandika. Sasa nije kwenye Dumila, na mwenyewe ameniruhusu kuyasema.

Kuanzia katikati ya mwaka 1998, Mzee Lupa aliacha kwenda Mikumi kwa njia ya kawaida, ile ya vumbi inayopita kijiji cha Ulaya. Akitumwa kwenye kituo chetu cha Mikumi alizunguka: Kilosa, Dumila, Morogoro, ndipo Mikumi. Safari ya saa mbili ikawa ya saa tano. Alipoulizwa, alisema Ulaya barabara mbovu. Simu zilizotoka Ulaya kwenyewe zilikwenda kwa dereva mwenzake, Simoni, ambaye hakuwa na makuu. Na kila Mzee Lupa aliporudi alituletea nyanya za Dumila, ndoo nzima.

Tulikula nyanya zake na tukamsema. Tulisema ana nyumba ndogo Dumila. Wengine walifika mbali, wakamtaja mwanamke kuwa ni mweupe na anauza vitunguu. Lisemwalo lipo, tulisema. Mama Goodhope, mkewe, alikuja Masjala siku moja, akakaa kwenye kiti cha wageni, akaniuliza kama nalijua jina la huyo mwanamke. Nilimwambia silijui. Sikumwambia kwamba hayupo, kwa sababu na mimi niliamini yupo. Naandika hili mbele ya watu wote ili anisamehe.

Mwaka 2001 upepo wa kupunguza wafanyakazi ulivuma hadi kwetu. Simoni alipunguzwa, akaenda Ruhembe kuendesha matrekta ya miwa. Tukabaki na dereva mmoja, na Ulaya ikabaki kwake. Wiki ya pili baada ya Simoni kuondoka, Mzee Lupa aliniletea barua ya mistari mitatu. Aliomba kustaafu kabla ya wakati, kwa sababu binafsi.

Barua ikifika Masjala hupigwa muhuri, hupewa namba na hupelekwa kwa Mganga Mfawidhi siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Ya Mzee Lupa niliiweka chini ya trei, nikafunga mlango na kumuuliza Dumila kuna nani. Nilidhani atacheka au atakasirika. Aliketi na kuinamisha kichwa.

Akanisimulia. Mwaka ule wa mvua za El Nino alikwenda Ulaya kumchukua mama mjamzito aliyeitwa Paulina, uchungu ukiwa umekwama. Mumewe, Kasiani, alipanda naye nyuma pamoja na muuguzi. Walipofika kwenye korongo lililo upande huu wa Ulaya walikuta maji yamejaa. Kanuni ya madereva wa wagonjwa ni moja: maji yakizidi goti, usivuke. Mzee Lupa alishuka, akapima kwa fimbo, yakamfika mapajani. Akarudi kwenye usukani, akasubiri. Alisubiri saa moja na dakika kumi, injini ikiunguruma, waipa zikienda huku na huku. Maji yalipopungua, Paulina na mtoto wake walikuwa wameshafariki. Aliwavusha hivyohivyo hadi Kilosa.

Tangu hapo hakuwa na usingizi. Mvua ikinyesha, hata iwe ya kupita, alisikia lile korongo ndani ya kichwa. Alijaribu mara mbili kuipita njia ile kiangazi, mikono ikafa ganzi kwenye usukani, akageuza. Hakumwambia mkewe wala mchungaji wake. Aliona afadhali asemwe kwamba ana mwanamke Dumila kuliko ijulikane kwamba dereva wa wagonjwa anaogopa korongo kavu.

Kazi yangu ni majalada. Nilichofanya ni kwenda kwa Muuguzi Costancia wa kliniki ya afya ya akili, nikamwonyesha ile barua, naye akamwita Mzee Lupa. Mganga Mfawidhi anisamehe, leo ndiyo kwanza anasikia. Barua hiyo haina namba ya kumbukumbu hadi leo.

Costancia alikuwa ametoka Dar es Salaam mwaka uliotangulia, kwenye mafunzo ya tiba ya kusogeza macho. Wengi wetu tuliichekea. Mhudumu mmoja alichungulia dirishani, akatangaza jikoni kwamba muuguzi anafanya mazingaombwe. Kwa asiyeijua, naieleza kama nilivyoelezwa. Mgonjwa anaulizwa ni picha gani ya tukio inayomsumbua zaidi, inamfanya ajione mtu wa namna gani, na mwilini anaisikia wapi. Halafu, akiwa ameishikilia picha hiyo akilini, anafuata kwa macho vidole vya muuguzi vinavyokwenda kushoto na kulia, kichwa kimetulia, kwa kama nusu dakika. Vidole vinasimama, anavuta pumzi, anasema kilichomjia, hata kama hakina kichwa wala miguu. Wanaanza tena kutoka hapo. Haambiwi asahau, wala halazimishwi kusimulia kila kitu. Kwa nini macho yakisogea moyo unapata nafasi, Costancia anakiri kwamba hata wataalamu wanabishana. Yeye huwaambia wagonjwa kwamba kumbukumbu ya namna hiyo ni kama kidonge kilichokwama kooni: hakijatemwa, hakijamezwa, na kinaunguza palepale. Tiba inakisaidia kishuke.

Siku ya kwanza iliharibika. Costancia ni rika la binti yake, na kumpungia mzee vidole usoni si adabu ya huku kwetu. Alianza na shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaomba ruhusa, akaeleza kila atakachofanya. Mzee Lupa alikubali. Vidole vilikwenda huku na huku kwa sekunde kumi tu, akasimama, akachukua kofia yake na kutoka bila kuaga, yeye ambaye huaga hata mlinzi. Alipita Masjala mbio. Nilimfuata hadi garini. Aliniambia vidole vile vilikuwa waipa.

Nilipompelekea Costancia habari hiyo alipiga paji lake la uso kwa kiganja. Jumatano iliyofuata alihamisha kiti akakaa ubavuni kwake, akawa anasogeza vidole mshazari, kutoka juu ya bega hadi karibu na goti la upande wa pili. Hakuna waipa inayokwenda hivyo. Na alipomtaka apime maumivu yake kutoka sifuri hadi kumi, Mzee Lupa alisema yeye anajua geji ya joto ya gari tu, na kwamba mshale umelala kwenye nyekundu. Costancia akaikubali geji.

Zilikuwa Jumatano sita. Nyingine alitoka amechoka kuliko aliyelima. Ya tatu alilia, akasema anausikia mkono wa Paulina ukigonga kiti chake kwa nyuma. Ya nne mshale ulishuka hadi katikati ukagoma hapo. Alikuwa amekuja na sentensi moja aliyoiishi miaka mitatu: nilimwacha afe. Ya tano, baada ya vidole kusimama, alisema jambo ambalo Costancia hakulitafuta. Akasema muuguzi alishuka kuomba msaada kwa watu wa ng'ambo, na Kasiani aliishiwa nguvu akakaa matopeni, na kwamba yeye, Lupakisyo, alihamia nyuma akamshika Paulina kichwa hadi mwisho. Alikuwa amelisahau hilo kabisa. Akasema: "Kumbe nilikaa naye."

Ya sita aliniambia mwenyewe, amesimama mlangoni kwangu: "Bado namwona, Doris. Ila yuko mbali kidogo, na maji siyasikii."

Sitaki mtu afikiri huo ni muujiza. Mwezi wa Novemba Costancia alipanda naye gari wakaenda hadi korongoni likiwa kavu, wakasimama, wakarudi. Wakaenda tena, wakavuka. Mwezi wa Desemba ikaja simu ya kweli: mtoto wa Ulaya, degedege ya malaria, na mvua tangu asubuhi. Mzee Lupa alikwenda. Wakati wa kurudi alikuta maji yamejaa. Nyote mnaomfahamu mnajua alichofanya. Alipima kwa fimbo, akarudi kwenye usukani, akasubiri. Dakika ishirini na tano. Muuguzi aliyekuwa naye anasema alizima waipa, akamsimulia mama wa mtoto habari za baridi ya Tukuyu. Maji yakapungua, akavuka, mtoto akapona.

Yangeishia hapo yangetosha. Lakini wiki iliyofuata, siku ya mnada wa Ulaya, Mzee Lupa aliomba ruhusa ya siku nzima, akapanda baiskeli ya kuazima akaenda kumtafuta Kasiani. Alikuwa hajawahi kumpa pole. Alimkuta shambani. Kasiani alipomwona alisimama mbali, akaamkia shikamoo kwa sauti ya chini, hakusogea. Kabla mzee hajafungua mdomo, Kasiani akasema:

"Baba, nilijua ipo siku utakuja kunisema."

Mzee Lupa hakuelewa. Kasiani akaeleza. Uchungu wa Paulina ulianza siku mbili kabla. Majirani walimwambia aite gari, yeye akasema wasubiri, mama yake alizaa tisa bila gari. Alipokuja kuita, mvua ilikuwa imeshaanza.

"Niliyechelewa ni mimi," alisema. "Kisha nikaona gari lenu linakuja na dereva mwingine tu. Nikajua baba amekasirika, hataki hata kupita kwangu."

Miaka mitatu na zaidi. Mmoja anazunguka Dumila kwa aibu, mwingine anaangalia vumbi la gari na kuona kwamba amehukumiwa. Mzee Lupa aliponisimulia hili alilia, na mimi nililia, na mtu aliyekuja kufuata kadi yake ya kliniki akarudi alikotoka.

Wiki iliyofuata Landkruza ilirudi kutoka Mikumi kwa njia ya Ulaya. Nyuma alikuwemo mgonjwa wa kuvunjika mguu, na mbele, kiti cha abiria, ameketi Kasiani katika shati la kanisani. Mzee Lupa alimpeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa Costancia. Kwenye rejesta, sehemu ya tatizo, liliandikwa neno moja: usingizi.

Kasiani alikuwa wa kwanza. Hadi mwezi huu rejesta ya kliniki ile ina watu arobaini na watatu walioandikwa kuwa wameletwa na dereva. Ni mkata miwa wa Ruhembe aliyeponea moto, ni utingo aliyetolewa chini ya lori barabara ya Mikumi, ni mama aliyepoteza mtoto mafurikoni. Mzee Lupa aliwabeba wakiwa na majeraha, na miezi ikipita aliulizia majeraha mengine. Si wote waliopona. Wengine walikuja mara moja hawakurudi, na wawili Costancia aliwaona wanahitaji msaada mkubwa zaidi, wakapelekwa mbele. Lakini wengi wanalala. Haya hayamo kwenye fomu yoyote ya kupima utendaji wa dereva, nimetafuta.

Watoto wake walidhani atarudi Tukuyu. Amenunua ekari mbili Ulaya, shamba linalopakana na la Kasiani, na Mama Goodhope ameshapanda migomba. Amekataa kuhamishwa kwa gari la hospitali. Anasema gari la wagonjwa halibebi makabati. Jumamosi Kasiani anakuja kumchukua kwa trekta la kuazima.

Mzee Lupa, kwa niaba ya wafanyakazi wote, na kwa niaba ya wale wanne uliowapokea kwenye khanga, asante. Mama Goodhope, asante kwa kutuazima mumeo, na utusamehe midomo yetu. Tunawatakia afya, amani, na mvua nyingi kila msimu.

Doris, Masjala