Bi Dobi na Magunia Kumi na Moja

Wasikilizaji wapendwa, nawaamkia wote, mlioko jikoni na mlioko kazini. Sogeeni karibu na redio. Leo namkumbuka mwanamke mmoja, na nawaambia mapema kwamba nina hasira. Nimekunywa maji, nimevuta pumzi, hasira haikushuka. Basi nitazungumza nayo hivyo hivyo.

Tunamkumbuka Bi Dobi. Alifariki wiki tatu zilizopita, akiwa na miaka sitini na miwili. Jina lenyewe linasema, alikuwa dobi. Miaka thelathini na minne alifua nguo za watu uani kwake, nyuma ya stendi, kando ya mtaro mkubwa. Sare za manesi, mashuka ya nyumba ya wageni, mashati ya makarani. Ukimpelekea shati lenye doa la wino, hakai chini mpaka doa litoke. Wifi yake alikuwa akimtania: "Huyu ukimwachia mkaa, ataufua mpaka uwe mweupe."

Mtaro ule ulimtesa. Mvua ikinyesha, mifuko ya plastiki inaziba kalavati, maji yanarudi uani. Mwaka mmoja yalibeba mabeseni pamoja na sare za manesi kumi na wawili. Kwa hiyo gari la matangazo lilipopita likisema mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, Bi Dobi alipiga vigelegele. Hapo sikilizeni vizuri. Hakuipinga sheria. Aliifurahia.

Tangazo lilisema mambo mawili. La kwanza, ni kosa kuuza, kutumia au kupatikana na mifuko ya plastiki. La pili, wananchi waokote iliyozagaa, waiweke pamoja, lori la manispaa litapita Ijumaa kuichukua.

Bi Dobi akashika lile la pili. Akavaa mabuti ya marehemu mumewe, akaingia mtaroni. Siku nne anaopoa mifuko. Lakini huyu ni dobi, wajukuu zangu. Dobi haingizi uchafu kwenye ua wenye nguo za watu. Akaiosha, mfuko mmoja mmoja. Akaianika kambani. Akaikunja kama anavyokunja mashati, akaipanga kwenye magunia. Magunia kumi na moja. Kumi na moja.

Ijumaa lori halikuja. Ijumaa ya pili halikuja. Ijumaa ya tatu wakaja wakaguzi.

Binti yake, mwalimu wa chekechea, alikuwepo. Ananiambia mama yake aliwakaribisha kwa furaha, akidhani ndio watu wa lori. Magunia akawaonyesha mwenyewe. Mkaguzi mmoja akatoa mfuko, akaunusa. Binti hajayasahau maneno yake: "Taka hazinukii sabuni, mama. Hii ni bidhaa."

Mmeona? Ingekuwa michafu, ingekuwa taka. Kwa kuwa ni safi na imekunjwa, basi mama anauza.

Nina kitendawili. Semeni tega. Nikinuka mimi ni takataka, nikinukia mimi ni kosa la jinai. Mmeshindwa? Nipeni mji. Ni mfuko wa Bi Dobi. Na hiki kingine jibu lake sina, anayelijua apige simu: kiwanda kilichotengeneza mifuko ile kilipewa miezi sita ya kujiandaa, Bi Dobi hakupewa hata nafasi ya kuvua mabuti. Kwa nini?

Alikaa mahabusu siku mbili. Akashtakiwa. Kesi ikaahirishwa mara tisa. Mara tisa, wasikilizaji wapendwa. Mara hakimu yuko semina, mara mkaguzi hakufika, mara faili halionekani. Na kila akirudi nyumbani anamwambia binti yake neno lile lile: "Mwanangu, adhabu wanipe tu. Ila mtu mmoja aseme sikuwa nauza." Presha ikapanda. Akawa anafua amekaa, kisha anafua huku anapumzika kila baada ya nguo mbili. Alikufa siku sita kabla ya tarehe ya kumi ya kesi.

Binti akaenda mahakamani kuuliza. Karani akamjibu kwamba mshtakiwa akifa na kesi imeisha, aende zake akapumzike. Imeishaje? Jina la mama yake liko pale pale kwenye jalada, mfanyabiashara wa mifuko haramu.

Halafu siku ya mazishi manispaa ikaleta shada la maua. Afisa afya, mkubwa wa wale wakaguzi, kalibeba mwenyewe. Shada limefungwa nailoni, inang'aa, inapiga kelele kwa upepo. Binti hakugomba. Aliifungua nailoni taratibu mbele ya waombolezaji, akaikunja, akamwekea afisa mkononi. "Nenda nayo, kaka. Sisi huku tunakamatwa nayo."

Maua aliyapokea.

Afisa, najua redio ya ofisini kwako iko wazi. Njoo studio, kiti kipo. Hotuba sitaki. Sheria yako ni nzuri, hata marehemu aliipenda kuliko wewe. Njoo useme tu kwamba yule mama hakuwa anauza. Useme, ushuke ngazi, uende zako.

Kwa binti yake, kwa wifi yake, kwa majirani wa kule mtaroni: poleni sana. Mungu amlaze mahali pema.

Na sisi tuliobaki tutafakari, maana si manispaa peke yake iliyomwonea. Aliposhtakiwa, wateja walianza kuzifuata nguo zao, mmoja mmoja. Nani anataka shati lake likae kwa mtu wa kesi? Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikwenda asubuhi, nikamwambia nina safari, nayahitaji mashuka yangu. Yalikuwa kambani, bado mabichi. Bi Dobi hakuniuliza safari ya wapi. Aliyaanua, akayakunja vile vile na maji yake, akaniambia nikifika niyaanike tena, yasije yakanuka.